Picha za Kutisha na Ushahidi wa Uongo

Katika mkutano wa waalimu uliofanyika hapa kwetu Ugogo baada ya mavuno, yalizuka mabishano makali juu ya jambo ambalo wengi waliliona dogo. Wanafunzi wangu walikuwa wametengeneza sinema fupi ya kutisha, muda wake haufiki dakika saba, na habari zake zilikuwa zimeenea katika vijiji vya jirani. Waalimu wakagawanyika makundi mawili. Wa kwanza walisema ya kuwa picha za kutisha ni kazi ya Shetani, hazifai kuingia shuleni, wala Mkristo hana haja nazo. Wa pili wakacheka, wakasema, “Huo ni mchezo tu. Watoto wamecheza, watu wametishika kidogo, wakaenda kulala. Shauri gani hapo?”

Mimi niliyeisimamia kazi ile nilikaa kimya siku ile, kwa sababu nilikuwa na aibu. Leo nataka kusema. Nasema makundi yote mawili yamekosea, na mimi nimekosea kuliko wote. Kosa langu si kuwafundisha watoto kutisha watu. Kosa langu ni kuwaacha wamshuhudie jirani yao uongo, tena kwa kutumia simu yangu mwenyewe. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, kisha kila mtu aamue.

Wanafunzi wa kidato cha tatu, wa chama cha maigizo, waliniomba niwafundishe jinsi picha moja moja zinavyoungwa hata zikawa hadithi. Nikakubali. Tulipanga hivi. Msichana anatoka kuchota maji wakati wa magharibi. Anapita chini ya mbuyu. Anasikia nyayo nyuma yake. Akisimama, nazo zinasimama. Akienda, nazo zinaenda. Anageuka, haoni mtu. Anaanza kukimbia, ndoo inaanguka, maji yanamwagika. Mbele yake iko nyumba, mlango wazi. Anatazama ndani, anapiga kelele. Kisha tunaona uso.

Watoto walifanya kazi kwa bidii ambayo sijaiona katika hesabu. Sauti ya nyayo waliipata kwa kukanyaga mabua makavu ya mtama, mvulana mmoja akikanyaga na mwingine akishika simu karibu na miguu yake. Damu iliyokuwa katika kitambaa cha msichana waliipata kwa kuchemsha choya mpaka ikawa nzito. Walingoja siku tatu wapate jioni yenye wingu. Hayo yote yalinifurahisha, wala sioni ubaya wake hata leo.

Lakini uso ule tuliupata wapi? Karibu na shule anakaa bibi mmoja mjane, Mkristo mwenzetu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na kope zake zimekunjamana. Watoto wakasema, “Mwalimu, tukimpata bibi yule, hatuna haja ya kumpaka mtu rangi.” Nami nikaenda kwake na kilo moja ya sukari. Nikamwambia, “Bibi, watoto wanataka kukupiga picha ukipepeta mtama.” Alifurahi. Alidhani twakusanya picha za kazi za akina mama. Alikaa mlangoni pake na ungo wake, akapepeta, akaita kuku wake, akacheka na mtoto wa jirani. Mtoto huyo alipomwita kwa nyuma, bibi akageuka, mwanga wa jua linalotua ukampiga machoni. Yeye hakufanya neno jingine lo lote. Wala mimi sikumweleza habari yenyewe ya sinema ile. Hapo ndipo nilipoanza kukosa.

Usiku tulikaa kuzikata na kuziunga picha zile. Tulitupa kicheko chake, tukatupa kuku, tukamtupa mtoto aliyemwita. Tukabakiza kugeuka kwake tu, muda wa nukta nne. Mbele ya nukta hizo tukaweka kelele za msichana, na nyuma yake tukaweka kitambaa chenye choya. Basi, mtama ukatoweka, na bibi akawa mchawi.

Yafaa msomaji ajue ya kuwa nguvu hii ya mkasi imejulikana zamani. Huko Urusi, miaka mia moja na zaidi iliyopita, alikuwako mtu aitwaye Lev Kuleshov aliyefundisha kazi ya sinema. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha furaha wala huzuni. Akauunga na picha ya sahani ya chakula, kisha uso ule ule akauunga na picha ya jeneza. Yasimuliwa ya kuwa watazamaji walimsifu mwigizaji kwa ustadi wake: hapa ameona njaa, hapa ameona msiba. Kumbe uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata kidogo. Watazamaji waliuvika maana iliyotoka katika picha ya jirani yake. Nilijua habari hii kabla hatujaanza kazi. Tena niliwafundisha watoto ubaoni, wakaiandika katika madaftari yao. Lakini kuijua habari ni jambo moja, na kuona mwisho wake kijijini ni jambo jingine.

Siku ya kufunga shule tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta na jenereta, watu wakaja wengi. Bibi hakuja, kwa kuwa usiku haoni vizuri. Uso wake ulipotokea katika shuka, watu walipiga kelele, kisha wakacheka kama watu wanavyocheka wakiisha kutishika. Watoto wangu walishangiliwa. Nami nilijiona mwalimu hodari.

Juma la kwanza halijaisha, wasichana kisimani walianza kuondoa ndoo zao bibi alipokaribia. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akaenda kuuchukua ungo wake aliokuwa amemwazima. Kanisani, katika benchi alipokaa bibi, hapakuwa na mtu kushoto wala kulia. Na usiku mmoja mawe yakatupwa juu ya bati la nyumba yake.

Asubuhi yake alikuja shuleni na fimbo yake. Alinisalimu, “Mbukwa, mwalimu,” nami nikamwitikia. Kisha akasema, “Mwanangu, watoto waniita jina nisilolijua. Wasema wameniona katika shuka lako. Nilifanya nini humo?”

Nikasema, “Hukufanya neno, bibi.”

Akasema, “Basi mbona wananikimbia?”

Wapenzi wasomaji, nimefanya mitihani mingi katika maisha yangu, lakini swali lile sikuweza kulijibu.

Sasa nataka kusema na wale waliosema, “Ni mchezo tu.” Ndugu zangu, ninyi mwakaa nchi gani? Hamjui ya kuwa katika nchi yetu ya Tanzania wazee wengi, na hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi? Mambo hayo yamejulikana zaidi huko Shinyanga, Mwanza na Tabora, na yako miaka ambayo waliouawa walihesabiwa kwa mamia. Na katika habari hizo neno moja latajwa daima: macho mekundu. Hakuna anayeuliza macho yale yamekuwaje mekundu. Wala sisi watu wa Dodoma tusijisifu kana kwamba jambo hili ni la wengine. Mawe yale yaliyotupwa juu ya bati hayakutoka Shinyanga.

Je, mwataka kujua macho ya bibi yule yalikuwaje mekundu? Kwanza ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Lakini kwa bibi huyu lilikuwako jambo kubwa kuliko moshi. Mwuguzi wa zahanati alipolipindua kope lake la juu, alionyesha makovu ndani yake na nywele za kope zilizogeukia ndani, zikikwaruza mboni kila alipopepesa. Huo ni ugonjwa wa vikope, ambao matabibu huuita trakoma. Huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana, nacho huchukuliwa na nzi, na mikono, na nguo moja inayofutia nyuso za watoto wengi. Mtoto huambukizwa mara kwa mara. Makovu huzidi mwaka kwa mwaka. Na akiisha kuwa mtu mzima, kope hupinda kuingia ndani. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wakaao na watoto na kuwafuta nyuso.

Watu wa Kongwa wanaujua ugonjwa huu vema, kwa kuwa wilaya yao imekuwa mahali pa uchunguzi wake tangu miaka ya 1980. Mwaka 1995 yalichapwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kongwa, yakaonyesha ya kuwa watoto wanaonawa nyuso zao na kuwa safi hupungukiwa na ugonjwa ulio mkali. Ziko dawa za kumeza, na upo upasuaji mfupi wa kulirudisha kope mahali pake. Basi tazameni: ugonjwa ambao bibi aliupata kwa kulea watoto wa kijiji, sisi tuliufanya kuwa alama ya mtu alaye watoto wa kijiji. Nanyi mwasema ni mchezo.

Sasa niwageukie wale wasemao ya kuwa picha za kutisha zikatazwe kabisa shuleni. Najua ya kuwa baada ya kusoma habari yangu watasema, “Tulikuambia.” Lakini sikubaliani nao, nami nina sababu.

Kwanza, hofu yenyewe si dhambi, wala kuisimulia si dhambi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 14, wanafunzi wako chomboni usiku, upepo ni wa mbisho, nao wanaona mtu akitembea juu ya maji. Wanapiga kelele kwa hofu wakidhani ni kivuli cha mtu aliyekufa. Je, mwandishi wa Injili aliiacha hofu ile kwa sababu haifai? Aliiandika. Na kwa nini? Ili tuone ya kuwa yule waliyemdhania kuwa mzimu alikuwa Bwana wao, amekuja kuwaokoa.

Tena someni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 28, habari ya mwanamke wa Endori. Hakuna usiku wa kutisha kuliko ule. Mfalme amejigeuza mavazi, anakwenda gizani kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi. Kazi ya mwanamke yule Maandiko yanaikataza, wala siitetei. Lakini angalieni nani anayemwogopa mwenzake. Mwanamke ndiye amwogopaye mfalme, kwa kuwa ajua watu wa kazi yake wanauawa. Na mwisho wa habari, mfalme ameanguka chini hana nguvu, na mwanamke yule anamchinjia ndama na kumwokea mkate. Maandiko hayakumpa macho mekundu wala meno marefu. Yalimpa hofu, na huruma, na ndama mmoja nyumbani. Kama sisi tungaliitengeneza sinema ya Endori, naogopa ndama tungalimtupa, kama tulivyomtupa kuku wa bibi.

Pili, wako wasemao ya kuwa watu wa kijijini hawawezi kupambanua picha na kweli, kwa hiyo wasionyeshwe mambo kama haya. Neno hili ni la zamani, nalo ni tusi. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni lilianzisha jaribio la sinema za mafundisho katika Tanganyika, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na wakuu wa kazi walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Mpaka mwaka 1937 walitengeneza filamu za ukulima, za ugonjwa wa safura, za kuweka akiba posta, na nyingi ziliigizwa na Waafrika wenyewe. Walizichukua kwa lori, wakazionyesha katika Tanganyika na nchi za jirani. Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha idara yake ya filamu za makoloni, na mkuu wake William Sellers alifundisha ya kuwa Mwafrika asionyeshwe picha zilizoungwa kwa werevu. Aonyeshwe polepole, kitu kimoja kimoja, asije akachanganyikiwa.

Mimi nasema shida ya kijiji chetu haikuwa hiyo. Watu wetu hawakushindwa kuisoma sinema ile. Waliisoma vizuri mno! Hapana aliyemwambia mtazamaji kwa maneno ya kuwa bibi ni mchawi. Tulimwonyesha nukta nne za uso, naye akaelewa yote tuliyotaka aelewe. Wala hawakudhani ya kuwa msichana ameuawa kweli. Walimwona kesho yake akicheza mpira. Lakini jambo moja waliliamini, kwa sababu lilipatana na maneno waliyokuwa wakinong'onezana tangu zamani. Picha haikuwadanganya wajinga. Picha iliwapa watu wenye akili ushahidi wa jambo walilokwisha kulidhania. Na ushahidi ule ulikuwa wa uongo, nasi tunayo amri juu ya jambo hilo, ambayo kila mtoto wa Shule ya Jumapili aijua kwa moyo.

Tatu, tukikataza, watoto hawataacha. Wataifanya kazi ile ile bila mwalimu. Simu zimejaa majumbani, na mabanda ya video yako katika kila mji mdogo. Wamekwisha kuona filamu za kutisha za hapa nchini, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hizo angalau zasimulia mzuka na jini, na kijijini petu hapana mtu awezaye kusema, “Nyumba ya Shumileta ni ile pale, twende tukaipige mawe.” Mtoto asiyefundishwa atachukua njia iliyo rahisi, yaani atamtafuta jirani aliye maskini, mzee, mgonjwa, asiye na mtoto wa kumtetea, amfanye uso wa hofu yake. Nasi ndivyo tulivyofanya, tena na mwalimu alikuwapo.

Na tusidhani ya kuwa njia ile ni ya ustadi. Mafundi wakubwa wa kutisha hawakuifuata. Mwaka 1922 huko Ujerumani F. W. Murnau alitengeneza filamu iitwayo Nosferatu. Na jambo lililokumbukwa na watu mpaka leo ni kivuli kinachopanda ngazi ukutani. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitengeneza Psycho. Humo mwanamke anauawa akioga, na watu wengi walitoka wakiapa ya kuwa wameona kisu kikimwingia mwilini. Waliona vipande vifupi vifupi vya picha vilivyoungwa kwa haraka, wakasikia milio ya fidla. Na damu yenyewe ilikuwa rojo la chokoleti, ndugu yake choya yetu. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitengeneza filamu ya papa mla watu. Papa wake wa mashine aliharibika mara kwa mara katika maji ya bahari, basi akalazimika kumwonyesha kwa uchache, na watu wakaogopa maji kuliko walivyomwogopa papa. Katika hizo zote mtu aogopa asichokiona. Basi hata kwa shauri la ufundi peke yake, nukta zetu nne za uso wa bibi zilikuwa kazi mbovu. Nyayo za mabua zilikuwa zimekwisha kututisha. Uso tuliuongeza kwa uvivu.

Labda mwauliza, je, mwalimu alifanya nini baada ya kuulizwa swali lile? Nilikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na katekista wetu, nikawaonyesha watu picha nzima isiyokatwa: bibi akipepeta, akiita kuku, akicheka, mtoto akimwita, naye akigeuka. Wengi waliona haya, na yule mama aliyeuchukua ungo wake aliurudisha siku ile ile. Lakini mzee mmoja alitazama mpaka mwisho, akasema, “Ya kwanza ndiyo iliyomfichua. Hii ya pili mwataka kumfichia.” Sikuweza kumgeuza. Jueni basi, ninyi mnaosema ni mchezo, ya kuwa uongo wa nukta nne hautoki kwa kweli ya dakika nne. Shuka limekwisha kukunjwa, lakini uso ungali ukutani.

Bibi alipasuliwa kope zote mbili. Maumivu yamekwisha na wekundu umepungua, ila mwanga uliokwisha kupotea haukurudi. Niliwapeleka wanafunzi wangu wakamwombe radhi. Aliwasikiliza, kisha akauliza ile sinema ilihusu nini hasa, maana hapana mtu aliyekuwa amemsimulia. Yule msichana aliyepiga kelele ndiye aliyemweleza, tangu mwanzo. Alipofika kwenye mlango wa nyumba akanyamaza, akaanza kulia.

Kisha msichana huyo huyo akaniambia, “Mwalimu, tuifanye tena, lakini safari hii tukae ndani.” Ndivyo tulivyofanya. Katika sinema ya pili picha zote zimechukuliwa ndani ya nyumba yenye giza. Iko taa ya chemli, na mtu mzima amejifunika kanga. Ni mwanafunzi, wala uso wake hatuuonyeshi. Anasikia nyayo nje. Anasikia watu wakinong'ona, nazo ni sauti alizozisikia mchana zikimwamkia kwa heshima. Anazima taa. Basi. Hakuna damu, hakuna panga, hakuna mchawi.

Kabla ya kupiga picha tulikwenda kwa bibi kumwomba ruhusa, tukamsimulia kila kitu. Hakutaka kuonekana, akasema kweli hatutaonekana pamoja tena. Lakini alitusahihisha neno moja. Tulikuwa tumepanga mawe yaanguke batini kwa kishindo, mengi kwa pamoja. Akasema, “Sivyo. Jiwe la kwanza hulijui kuwa ni jiwe. Wadhani ni tunda la mbuyu limeanguka. La pili ndilo likuambialo.” Tukafanya kama alivyosema: jiwe moja, kisha kimya kirefu, kisha la pili.

Tulipoionyesha, jiwe la pili lilipoanguka hapana aliyepiga kelele, wala hapana aliyecheka. Wanaume wawili waliinuka wakatoka. Sikuwafuata kuwauliza sababu.

Basi waalimu wenzangu, shauri langu ni hili. Tusiwakataze watoto kutisha, tuwafundishe kuuliza, “Katika hadithi hii, nani anayeogopa, na nani anayeogopewa?” Mtu ye yote atakayepigwa picha aelezwe habari yote, si nusu yake, wala sukari isiwe badala ya maelezo. Pasiwe na ugonjwa wa jirani, wala kilema, wala uzee, wala rangi ya ngozi, kama ya ndugu zetu albino waliokatwa viungo kwa ushirikina, itakayotumiwa kuwa alama ya uovu. Na kabla ya kuonyesha kazi yo yote, mwalimu akae usiku mmoja na vile vipande alivyovitupa, avitazame tena. Mara nyingi kweli yenyewe imelala humo.

Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili vijijini, mkiona katika simu ya mtoto wenu uso wa bibi fulani na chini yake wameandika neno la uchawi, msicheke, wala msimpelekee mtu mwingine. Ulizeni picha ilikatwa wapi. Kisha mwende mkamtazame bibi huyo macho, kwa mchana, mkampeleke zahanati. Na jioni nawisheni nyuso za watoto.

Mimi niliye mwenzenu katika kazi,
Mwalimu wa Ugogo